Siku tisa na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni: kutoka Tabata hadi Luangwa Kusini

"Nyie mna Serengeti, Zambia mnaenda kuangalia nini?" Swali hilo tumeulizwa na majirani, na wauza chipsi, na hata ofisa wa uhamiaji aliyegonga mhuri pasipoti zetu. Jibu la kweli ni Fundi. Kabla hajafungua gereji alikuwa utingo wa lori, na kuna mwaka walipeleka mzigo Mfuwe, mashariki mwa Zambia, kwenye lango la hifadhi ya Luangwa Kusini. Alirudi na hadithi ya tembo wanaovuka barabara jioni, mmoja mmoja, magari yakiwasubiri. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Tabata, Dar es Salaam, kimeisikia hadithi hiyo kila kikao, mpaka Mwenyekiti akachoka: tuchange, twende, tusiisikie tena.

Tukachanga 80,000 kila mtu kwa mwezi kwa miaka miwili. Wanachama tuko kumi na watano, waliomaliza mchango ni wanane: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Fundi, Mwalimu, Muuguzi, Shemeji (ni shemeji wa Mwenyekiti, ila kwa sasa ni wa Tabata nzima), mimi Katibu, na Bibi. Bibi ana miaka 67, ni mzaliwa wa Ifakara na anauza vitumbua. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Kusema kweli, yeye ndiye tuliyemhofia, na miguu yake ndiyo iliyotuumiza vichwa kuliko pasipoti.

Haya yametoka kwenye daftari la mahesabu la kikundi, kurasa za nyuma, na kwenye picha za simu ya Muuguzi.

Jumamosi, 7 Septemba 2024: Mbezi hadi Ruaha Mbuyuni, na hapo tukakaa

Basi lilitoka stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri. Nauli ya Dar hadi Lilongwe tulilipa 130,000 kila mtu. Jina la kampuni naliacha, mtaelewa mbele kidogo.

Saa nne tukaingia Mikumi. Barabara kuu inapasua hifadhi katikati kwa kilomita kama hamsini, na kuna kibao cha faini: ukigonga mnyama, kila mmoja ana bei yake kwa dola. Shemeji alikisoma kwa sauti kama menyu ya hotelini. Nje kulikuwa na twiga watatu, nadhani na nyati mbali kule. Nasema nadhani kwa sababu ndani ya basi kulikuwa na filamu ya mapigano na mimi nilikuwa naiangalia. Wote tulikuwa tunaiangalia. Watu waliochanga miaka miwili kwenda kuona wanyama! Bibi peke yake alikuwa amegeukia dirishani.

Ruaha Mbuyuni injini ikapanda joto. Fundi alishuka, akainama, akarudi na neno moja: pampu ya maji. Kifaa kilibidi kifuatwe Iringa. Tulikaa saa tano.

Aliyewahi kusimama pale anajua: breki hazijatulia, vitunguu vimeshafika dirishani. Bibi alishuka kunyoosha miguu, akarudi na kapu la vitunguu vyekundu, vikavu, vile vinavyolia ukivisugua. Alilipa 8,000 baada ya kumnyanyasa muuzaji kwa nusu saa, na muda tulikuwa nao. Mwenyekiti akamuuliza anavipeleka wapi.

"Huko tuendako hawali?"

Kitonga tulipanda jua limeshazama, tukiwa nyuma ya malori yanayotambaa. Iringa, Mafinga, Makambako, sina la kuandika zaidi ya baridi. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, njia hii unaweza kuimaliza bila kulala njiani, lakini beba blanketi. Shuka la Kimasai nililoliona zigo nyumbani tuligombania watu watatu.

Jumapili, 8 Septemba: Kasumulu hadi Lilongwe

Tulifika mpakani usiku wa manane, tukalala vitini mpaka pakafunguliwa. Mtanzania hahitaji viza Malawi wala Zambia kwa matembezi, pasipoti inatosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano tuliulizwa, kwa hiyo ikae karibu, siyo chini ya begi kama ya Shemeji. Ofisa wa upande wa pili aliangalia kapu, akamwangalia Bibi, akacheka, akasema pita. Msiitegemee bahati hiyo, maana mazao mabichi yanaweza kuzuiwa.

Ukivuka daraja la Songwe unarudi nyuma saa moja. Simu zetu zilijirekebisha zenyewe. Bibi ana saa ya mkononi, ya chuma, ya marehemu mumewe, na tulipomwambia airudishe alikataa katakata. "Hii ni saa ya Tabata." Ikumbukeni hiyo saa.

Baada ya Karonga barabara inafuatana na ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wenyeji wanaliita Ziwa Malawi, na Mwalimu alianza kueleza habari ya ugomvi wa mpaka ziwani, hadi Mwenyekiti akamkanyaga mguu. Kisha gari linapanda mlima wa Chiweta kwa kona ambazo Muuguzi alizipita macho yamefumbwa. Mzuzu tulikula chipsi zinazokaangwa kando ya barabara kwenye bati kubwa lenye shimo katikati, huliita chiwaya, na kabichi mbichi juu. Kuna mandasi pia. Ni mandazi yetu yaliyobadilisha herufi moja tu, na ladha ni ileile.

*Kwa atakayefuata:* badilisha fedha kidogo kidogo, kwacha ya Malawi na kwacha ya Zambia ni fedha mbili tofauti na jina ni moja. Mweka Hazina, mtu makini kuliko wote, alijaribu kununua maji Chipata kwa noti za Malawi. Dola ziwe mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa.

Lilongwe tuliingia karibu saa sita usiku. Nyumba ya wageni tuliyoweka nafasi ilikuwa imefungwa geti, simu inaita bila kupokelewa. Watu wanane, mabegi, kapu la vitunguu, na giza. Ndipo mama mmoja tuliyekuwa naye tangu Dar, ambaye njia nzima tulimchukulia ni Mtanzania, akauliza kwa Kiswahili cha Kariakoo kabisa: "Sasa nyie mtalala wapi?" Ni Mmalawi, mfanyabiashara wa nguo, anakuja Kariakoo kufunga mzigo. Alimpigia mdogo wake mwenye minibasi, akatupeleka kwake wote wanane. Wanawake tulilala chumbani na binti zake, wanaume sebuleni kwenye mikeka. Hakutaka hela. Asubuhi Bibi alimwachia robo ya vitunguu, naye akavinusa kwanza, akasema, "Ruaha Mbuyuni hivi." Njia anaijua.

Jumatatu, 9 Septemba: Mchinji, Chipata, Mfuwe

Minibasi ya mdogo mtu ilitufikisha mpaka wa Mchinji, tukavuka kwa miguu, na upande wa Zambia tukachukua nyingine. Zote mbili zilitugharimu dola 160 kwa kundi zima.

Chipata ni mji wa maduka mengi, misikiti, na siku hiyo mlio wa jenereta kila mlango. Mvua za mwanzo wa mwaka zilikataa kusini mwa Afrika, Zambia ikatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, na kwa kuwa umeme wao mwingi unatokana na maji, bwawa la Kariba likapungua na taa zikazimika. Mama wa mgahawa alituambia anapata umeme saa chache tu kwa siku, na nyakati nyingine ni usiku wa manane, anaamka kupiga pasi. Alitupikia nshima (ugali, laini kuliko wetu) na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Alipoona tunanawa na kumega kwa mkono bila kuuliza kijiko, akatuongezea bila kututoza. Chaji simu na pawabenki kila mahali utakapopata soketi inayofanya kazi.

Kutoka Chipata hadi Mfuwe ni lami, kilomita zaidi ya mia, saa mbili hivi. Joto linaongezeka kadiri unavyoshuka bondeni.

Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya hifadhi, kwenye ukingo wa mto Luangwa: mahema, jiko la pamoja, bafu za makuti. Tulilipa dola 520 kwa mtu, usiku nne, chakula, gari la wazi asubuhi na jioni, matembezi ya miguu mara moja, na ada za hifadhi humo humo. Ulizeni mapema kama kuna bei ya raia wa SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, nasi tumo), na pasipoti muwe nayo mkononi. Watu wengi wetu huwa hatuulizi.

Kiongozi wetu, mwanamume wa makamo, alitupokea na sheria. Usiku hutoki kwenye hema bila mlinzi. Na chakula, hasa matunda, hakilali hemani, kwa sababu tembo atakifuata na hema hatalifungua kwa zipu. Vitunguu vikapelekwa stoo ya jikoni. Mpishi aliviinua juu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Chini ya ukingo, mto ulikuwa umebaki mchanga mwingi na maji vipande vipande, na kwenye kila kipande, viboko. Niliacha kuhesabu kwenye sitini. Kiongozi alionesha: "Mvuu."

Bibi akarudia, "Mvuu." Akatikisa kichwa. "Kiboko."

"Ki-bo-ko," akasema yule bwana. Hapo ndipo safari ya Bibi ilipoanza, na yetu nyuma yake.

Jumanne, 10 Septemba: saa ya Tabata

Tuliambiwa tutaondoka saa kumi na moja na nusu. Bibi aliamka kwa saa yake, yaani saa nzima kabla, akamwita mlinzi kwa tochi, kisha akatugongea mahema kwa sauti ya kuamsha watu wa daku. Tulitoka tukinung'unika, tukakaa kwenye moto, giza totoro, mwezi umeshazama zamani. Mlinzi hakusema kitu, akanyanyua tu kidole.

Simba aliunguruma ng'ambo ya mto. Nimewahi kusikia simba kwenye televisheni. Huyu niliyemsikia kule aliingia kupitia kiti. Alimaliza, akahema mara tano sita kama mtu anayesukuma mkokoteni, akanyamaza. "Mkango," mlinzi akanong'ona. Tusingeamshwa mapema tungekuwa tunakoroma. Hakuna aliyeitaja tena ile saa kwa kejeli.

Getini, kwenye daraja, foleni ya magari ilikuwa ndogo. Asubuhi gari la wazi ni baridi, mchana ni tanuri, kwa hiyo vaa nguo za kuvua moja moja. Rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda. Shemeji alivaa jezi ya bluu, tumemhesabia alama kumi na tisa.

Hapa nikiri aibu yetu. Kiongozi alikuwa na mchezo: akitaja jina la mnyama kwa Kinyanja, lugha ya huko, anauliza sisi tunamwitaje. Tembo wao ni njovu, na Mwalimu akarukia "ndovu!" Fisi wao ni fisi, tukapiga makofi. Baada ya hapo tukaanguka. Mnyama mwenye pembe za kuzungukazunguka? Swala. Yule mkubwa mwenye duara jeupe makalioni? Swala. Wale wa dhahabu, kundi zima kwenye nyasi? Swala. Kiongozi akauliza kwa upole kama Kiswahili kina neno moja tu.

"Tandala," ikasema sauti ya kiti cha nyuma. "Na yule ni kuro. Na hawa," Bibi akasimama kabisa, ameshika chuma, "hawa ni sheshe. Sheshe! Hawa nimewala."

Kwa Kiingereza wanaitwa puku. Bonde la Kilombero lilikuwa nao kwa makundi makubwa, siku hizi wamepungua vibaya. Baba yake Bibi aliwategea kwenye mbuga wakati maji yanapokauka. Hakuwa amemwona sheshe tangu yuko msichana, na pale Luangwa wamejaa kama mbuzi, hawana habari na gari. Alikaa akimwangalia mmoja, dume, manyoya ya shingo yamelowa umande, mpaka yule mnyama akatikisa sikio na kuendelea kula. Gari zima lilimsubiri.

Kuanzia hapo yeye na kiongozi wakaacha kututumia. Yule bwana akawa anamwita Agogo, yaani bibi, na wakazungumza kwa lugha ambayo si Kiswahili wala Kinyanja: madzi, maji. Njoka, nyoka. Usiku, usiku. Moto, moto. Kiingereza chetu cha shule kikakaa kimya.

Twiga wa huko ni Twiga wa Thornicroft, hapatikani kwingine porini zaidi ya bonde hilo la Luangwa, na wataalamu wanamweka kuwa ndugu wa karibu wa twiga wetu, yule wa Masai. Mabaka yake yamekolea, na miguu chini ya goti ni kama amevaa soksi nyeupe. Mwenyekiti alisalimia, "Ndugu yangu."

Jioni tulirudi ndani, na jua lilipozama hatukutoka. Hifadhi inaruhusu magari na kurunzi hadi saa mbili usiku, jambo ambalo kwa wengi wetu lilikuwa geni. Nusu mwezi ulikuwa juu. Tuliona kanu, tuliona nungunungu akikimbia na mikuki yake ikigongana, kisha swala pala mmoja akapiga chafya ya hofu na kiongozi akazima kila kitu: injini, taa. Tukakaa gizani. Chui alipita upande wangu, kati ya gari na mwegea, umbali wa kitanda na mlango. Sikusikia unyayo hata mmoja. Nilichosikia ni Muuguzi akiacha kupumua. Kurunzi ilipowashwa, ikapelekwa pembeni ili isimpige machoni, alikuwa ameshakaa na mgongo ametupa sisi, mkia ukicheza ncha tu.

Picha sina. Nilisahau kuwa nina simu.

Jumatano, 11 Septemba: kwa miguu

Luangwa ndiko matembezi haya ya porini kwa miguu yalikoanzishwa kama biashara ya wageni, na Norman Carr, miaka ya 1950. Mbele anatangulia askari wa wanyamapori na bunduki, nyuma yake kiongozi, kisha ninyi mstari mmoja, midomo imefungwa. Msimu wake ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, mvua zikianza nyasi zinaficha kila kitu.

Tulikuwa tumepanga Bibi abaki kambini. Kiongozi akasema hapana, Agogo atembee nyuma yangu.

Kwa miguu huoni wanyama wengi. Ukitaka idadi, baki kwenye gari. Unaona kinyesi. Kinyesi cha kiboko alichokipuliza kichakani kwa mkia, cha tembo chenye mbegu nzima za mvungunya, na cheupe kama chokaa ambacho Bibi alikionesha kwa kisigino kabla kiongozi hajafungua mdomo: "Fisi. Amekula mifupa." Kiongozi akamtafsiria askari, askari akageuka kumwangalia vizuri huyu mama wa vitumbua.

Kisha tukavuka mstari mweusi uliokuwa ukitembea ardhini. Kiongozi akatandaza mikono tusikanyage: "Nyerere."

Mwalimu akasimama. "Nani?"

"Nyerere, nyerere!" Anaonesha chini. Kumbe Kinyanja hao ni sisimizi, siafu, ukoo wote huo. Mwalimu, ambaye ana picha ya Baba wa Taifa sebuleni, alibaki akiangalia ule msafara kwa heshima, kisha akatusomea somo pale pale: kwa Kizanaki jina hilo linahusu viwavi, lilitokana na viwavijeshi waliovamia mashamba mwaka aliozaliwa baba yake. Askari akamwomba ayamalizie kambini.

Saa tatu hivi, tembo. Majike na watoto, labda mita themanini, wakitoka kwenye migunga kwenda mtoni. Kiongozi akachota vumbi, akaliachia vidoleni kuona upepo unaendea wapi. Nikatupa jicho kwa Bibi. Alikuwa ameshaliachia lake, mkono chini karibu na kanga, na kidevu kimeelekea upande tuliotakiwa kwenda. Tulirudi nyuma hatua kama ishirini, tukazunguka kichuguu, tukakaa chini yake. Tembo wakapita. Miguu yao mikubwa haina kishindo, unachosikia ni matumbo yananguruma na masikio yakipiga mabega kama mtu anakung'uta mkeka.

Miguu iliyosumbua siku hiyo ni ya Shemeji. Alikuja na raba mpya.

*Kwa atakayefuata:* viatu viwe vimeshavaliwa nyumbani mwezi mzima. Dawa ya kinga ya malaria ianze kabla ya safari, Muuguzi alitusimamia kama wanafunzi. Na kama una tatizo la kibofu usiku, omba hema lililo karibu na choo. Cha kwetu kilikuwa hatua arobaini, na kuanzia saa nne viboko walipanda kula nyasi katikati ya hema na choo. Wanaume wawili walitumia chupa. Siwataji.

Alhamisi, 12 Septemba: kitunguu cha nyani

Asubuhi tulipelekwa kwenye kingo za mto zilizotobolewa matundu mamia. Ni makazi ya ndege walao nyuki, wekundu wa damu ya mzee, wanaofika Septemba na kutaga ndani ya udongo. Wakiruka pamoja ukingo wote unageuka rangi. Kiongozi alisema maji hayajawahi kumkimbia mapema namna hii. Alitueleza pia kuwa mto unaanzia milima ya Mafinga, kaskazini, mpakani na Malawi. Tukamwambia na sisi Mafinga tunayo, tumepita, ina baridi. Kifaru tusimtafute, akasema, majangili walimaliza wote miaka ya nyuma, waliorudishwa kuanzia 2003 wako Luangwa Kaskazini.

Mchana, joto limetulaza wote, nyani akaingia jikoni. Mpishi alimwona anatoka na vitunguu viwili, kimoja mkononi, kimoja kwapani. Alipanda mkwaju, akamenya ganda moja kwa adabu kabisa, akauma. Akafunga macho. Akakitazama, akakinusa, akauma tena mahali pengine kuhakikisha, kisha akakitupa kwa hasira kikampata Fundi begani. Cha pili alikificha kwenye panda la mti, sijui kwa ajili ya nani.

Vilivyobaki viliingia kwenye kitoweo cha mwisho. Bibi alipika mwenyewe, mpishi akamshikia mwiko.

Wale tembo wanaovuka barabara ya Mfuwe, hadithi iliyotuchangisha, hatukuwaona mpaka jioni hiyo, tukirudi. Walikuwa wanne. Fundi hakusema kitu, alitugeukia tu mmoja mmoja na uso wa mdai aliyelipwa.

Ijumaa hadi Jumapili, 13 hadi 15 Septemba: kurudi

Njia ni ileile, kinyume, bei ileile. Lilongwe tulilala tena kwa mama wa Kariakoo, safari hii kwa kualikwa, na tukamwachia kitenge cha Chipata. Basi la kurudi lilikuwa la kampuni nyingine na halikuharibika, kwa hiyo sina cha kulisimulia.

Mikumi tulipita usiku wa kuamkia Jumapili. Safari hii hakukuwa na filamu, na hata ingekuwepo. Wanane wote tulibandika mapaji ya uso dirishani. Tuliona taa za malori, migongo ya malori, na giza. Bibi akasema ananusa tembo upande wa kushoto. Konda akamwambia hiyo ni breki ya lori. Wakabishana mpaka karibu na Doma.

Mbezi tuliteremka kabla ya alfajiri. Mweka Hazina hakukubali mtu apande bajaji mpaka afunge hesabu ya kila mtu: kambi 1,414,400 kwa dola ya siku hiyo, mabasi 260,000, minibasi 108,800, chakula na mengineyo 100,000. Kila mtu akarudishiwa 36,800, noti kwa noti, chini ya taa ya stendi. Simu zetu mbili zilikuwa bado zinaonesha saa ya Zambia kwa sababu zilizimika njiani, Mwenyekiti akawa anauliza sasa ni saa ngapi hasa.

Bibi akafunua mkono. "Kumi na robo."

Ilikuwa kumi na robo.